Fadhila za Kundi la Kumtunza Mama

Kundi la kumtunza mama ni chombo cha hiari, kisicho na katiba wala akaunti ya benki, kinachoundwa na watoto wa mzazi mmoja pale mzazi huyo anaposhindwa kupika, kuoga au kukumbuka kama ameshakunywa dawa ya presha. Makao yake makuu ni WhatsApp. Hupewa jina la heshima, mara nyingi Mama Kwanza, na picha ya mama siku ya harusi ya mjukuu, alipokuwa bado anasimama mwenyewe. WhatsApp inaruhusu wanachama 1,024 katika kundi moja. Kundi la kawaida lina watoto saba, wakwe wanne, na binamu mmoja wa Mwanza ambaye hakuna anayekumbuka nani alimwingiza, lakini ndiye anayechangia mawazo kuliko wote.

Chimbuko lake si gumu kueleza. Mji kama Morogoro una watu zaidi ya laki nne, una vyuo vikuu, una stendi ya Msamvu na stesheni ya treni ya umeme. Lakini nyumba ya kulipia, ambako mzee hukaa na kuhudumiwa usiku na mchana, si kitu cha kuulizia mtaani ukaelekezwa. Yapo makazi ya serikali ya Fungafunga, ila hayo ni ya wazee wasio na ndugu wa kuwatunza, na mama wa watoto saba hawezi kudai kwamba hana ndugu. (Ushahidi anao, lakini kuutoa ni aibu.) Inabaki kutafuta dada wa kukaa naye. Tangazo hutumwa kundini: anatakiwa binti mchapakazi, mcha Mungu, anayeweza kumgeuza mgonjwa kitandani, kupika uji wa lishe na kufua, asiye na simu kubwa wala mchumba, mshahara ni maelewano. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha Sh 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Kundi halijasoma sheria nyingine yoyote ya kazi, ila kifungu hicho kila mmoja anacho kichwani.

Katika fadhila zote za kundi, iliyo kuu ni mchango wake katika elimu ya kalenda. Kabla halijaundwa, ilidhaniwa kwamba kila mwezi una mwisho na kwamba mwisho huo unafanana kwa watu wote. Kundi limeonyesha vinginevyo kwa kauli moja: “Mwisho wa mwezi natuma.” Upo mwisho wa mwezi wa mtumishi wa serikali, ambao huja mshahara unapoingia, hupita usiku watu wamelala, na asubuhi yake mwezi huwa katikati tena. Upo wa mfanyabiashara wa Kariakoo, ambao unangoja kontena. Kontena liko bandarini, na bandarini hakuna mwezi. Upo wa mkulima wa mpunga wa Kilombero, ambao huja mara moja kwa mwaka baada ya mavuno, isipokuwa bei ikiwa mbaya, hapo husogezwa hadi mavuno yajayo. Upo wa kaka aliyeko Marekani, ambako mwezi huisha kwa kuchelewa kutokana na tofauti ya saa: akiulizwa saa nne asubuhi ya Morogoro amelala, na akiamka, husema Morogoro ndiyo imelala, kwa hiyo haijapatikana saa ambayo swali na jibu viko macho pamoja. Papa Gregori wa 13 aliondoa siku kumi tu kwenye kalenda mwaka 1582 na dunia inamkumbuka hadi leo. Kundi limeondoa tarehe 30 na 31 mwaka hadi mwaka bila kudai hata jina la mtaa. Februari, ambao tayari ulikuwa na upungufu, limeuacha ulivyo.

Fadhila nyingine zitajwe kwa kifupi. Kundi hukuza ibada: ikiandikwa kwamba mama hajalala usiku kucha, ndani ya dakika moja hufika jozi kumi na moja za mikono ya kuomba. Hukuza tiba asilia, kupitia video za mlonge za binamu wa Mwanza. Na tangu Novemba 2014, WhatsApp ilipoanza kuonyesha tiki za bluu, limekuza ufundi wa kusoma ujumbe bila kuufungua.

Kundi pia ni hifadhi ya sababu. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, ilipokewa kama neema, kwani serikali ilikuwa imetunga sababu moja kwa ajili ya nchi nzima. Baadaye tozo ilipunguzwa, na hatimaye ikaondolewa kwa wanaotumiana fedha. Sababu ilibaki na inatumika hadi leo ikiwa nzima. Umbali nao ulinusurika. Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kwa nauli ya Sh 13,000 na mwendo usiofika saa mbili, na ikahofiwa kwamba neno “mbali” lingekosa kazi. Aliyekuwa akilalamikia foleni ya Chalinze sasa analalamika kwamba tiketi zinawahi kuisha.

Bima ya afya inahitaji maelezo marefu kidogo. Mtumishi wa umma aliye mwanachama wa NHIF hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri huongeza nyingine 3, na kwa fedha hiyo huruhusiwa kuandikisha mwenza na wategemezi wanne: watoto, wazazi au wakwe. Kaka mkubwa ni mtumishi wa umma. Nafasi tatu amewapa watoto wake, na hilo halina ubishi. Nafasi ya nne ina mama mkwe. Mama mkwe ni mtu wa heshima na anastahili kutibiwa. Lakini aliyemzaa kaka anasubiri mchango wa dawa ya sukari, na kaka huyohuyo kila Jumapili huandika kundini kwamba hakuna kama mama. Basi aache kuandika! Atume hela ya pampasi. Pampasi za wakubwa hazinunuliwi kwa picha za moyo mwekundu, na muuza duka la dawa hapokei “Amina”.

Muundo wa uongozi ni kama ifuatavyo. Mwenyekiti ni kaka mkubwa, na yuko Dodoma. Mweka hazina yuko Dar es Salaam, na hazina iko kwenye simu yake. Mtekelezaji ni binti wa mwisho, aliyerudi nyumbani Kihonda, Morogoro, ndoa yake ilipovunjika, na ambaye kikao kilimwona kuwa hana majukumu. Dada wa kazi huondoka akipata pazuri zaidi, yeye haondoki. Ndiye anayemgeuza mama saa nane za usiku. Ndiye anayekaa kwenye dirisha la wazee hospitalini, anakoelezwa kwamba matibabu ya mzee asiyejiweza ni bure, ila dawa hiyo imeisha, akanunue nje. Akipeleka risiti kundini, hulipwa kwa sarafu ambayo haijawahi kuadimika: “Mungu atakulipa, dada.”

Haingekuwa haki kulipa kundi sifa zote hizo, kwani lina mwalimu wake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, iliitaja familia kuwa ndiyo taasisi ya msingi ya kumtunza, na iliyafanya makazi ya wazee kuwa njia ya mwisho. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, hotuba husema kwamba wazee ni hazina. Zanzibar ilithubutu kwenda mbele ya hotuba: Aprili 2016 ilianza kumlipa pensheni kila mkazi aliyefika miaka 70, kwa kuanzia na Sh 20,000 kwa mwezi. Bara hakuna pensheni ya kila mzee. Bara serikali huisifu familia, familia hulisifu kundi, kundi humsifu binti, na binti, kwa kuwa hakubaki wa kumsifu, hubadilisha shuka.

Amri ya mishahara ya mwaka 2022 ilimtaja mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri na anayelala kwake. Mtoto anayemhudumia mama yake mzazi hakuwamo.