Safu ya Ushauri: Kilicho Ghali Ni Mkono wa Mtu

*Mshauri, mimi ni mfanyakazi wa shamba la utafiti hapa Kiboko. Mwezi wa sita napelekwa Uswisi kwa mafunzo ya wiki mbili. Nimeambiwa kikombe kimoja cha kahawa huko ni shilingi mia saba. Tayari nimepima unga kilo nane, na mama watoto anakausha nyama. Kuna kitu nimesahau? – Mtu wa Mahindi*

Ndugu Mtu wa Mahindi, umesahau kinyozi. Nenda ukanyolewe siku moja kabla ya kupanda basi la Nairobi, kwa maana kichwa cha mwanamume Zurich hunyolewa kwa faranga 40 na kuendelea, yaani karibu shilingi elfu sita, na hapo hujaguswa ndevu. Kuhusu nyama, mwambie mama watoto aanue. Nyama na maziwa kutoka nchi kama yetu haviruhusiwi kuingia Uswisi katika mzigo wa abiria, viwe vibichi au vikavu, na hata maembe ya Makueni yatataka cheti cha wakaguzi wa mimea. Usilalamike kwamba ni uonevu wa Wazungu: Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda. Unga ubebe ukipenda, ila ujue unalinda mlango ambao mwizi hapiti.

Mwizi anapita kwingine, na ukimjua hutahitaji kilo nane za kitu chochote. Watu husema Uswisi ni nchi ya bei ghali kana kwamba kila kitu kimepandishwa kwa kipimo kimoja. Sivyo. Kilicho ghali Uswisi ni mkono wa mtu. Mwezi wa tisa mwaka 2020 wapiga kura wa jimbo la Geneva walipitisha kima cha chini cha mshahara cha faranga 23 kwa saa, na tangu hapo kimepanda. Hiyo ni zaidi ya shilingi elfu tatu kwa saa moja, na ndiyo ya chini kabisa, ya anayeosha vyombo. Sasa rudi kwenye kahawa yako. Punje zake ni senti tu. Zile shilingi mia saba ni za aliyekukaribisha, aliyeibeba hadi mezani, atakayekuja kufuta meza, na za kodi ya chumba ulichokalia. Kahawa hiyohiyo ukijipikia kwenye hosteli yenye jiko hutaiona kwenye hesabu za siku.

Shida ya mtu wa Kiboko ni kwamba ujuzi wake wote wa kubana matumizi ameupata kwenye barabara ya Mombasa, ambako mambo yako kinyume. Hapa kwetu bidhaa ndiyo inayouma, mkono ni wa bei poa. Mama mboga anakukatia sukuma wiki nyembamba kabisa, anaitia kwenye mfuko, na ile kazi ya kukata hakutozi hata shilingi. Muuza machungwa anakimbilia dirisha la basi ili wewe usisimame. Boda boda anakufikisha mlangoni, na kijana yuko tayari kukubebea mzigo kabla hujamwita. Kwa hiyo mtu wetu akitaka unafuu hutafuta mtu wa kumfanyia. Akifika Zurich anafanya vilevile: anaita teksi, anakaa mezani, anaagiza chupa ya maji, na kufikia jioni posho ya siku imekwisha na yeye bado anajisifu kwamba hakununua kitu.

Nenda kwenye supamaketi ya Migros uone jinsi mambo yalivyogeuzwa. Ukichukua ndizi, hapana wa kukupimia. Unaiweka mwenyewe kwenye mizani, unabonyeza namba iliyoandikwa kwenye kibao cha bei, mashine inatema karatasi yenye gundi, unaibandika na kwenda zako. Rafuni kuna bidhaa za M-Budget, pakiti zake za kijani huzikosi hata ukiwa mbali, na Coop nao wana zao za Prix Garantie. Tambi, dengu, mayai, mkate: mtu wa posho ya kawaida anashiba. Jioni kabla ya kufunga, vyakula vinavyokaribia kupitwa na tarehe hubandikwa punguzo la asilimia 25 au hata 50. Kumbuka tu kwamba Jumapili maduka mengi hufungwa, isipokuwa yale ya ndani ya stesheni kubwa, basi fanya soko lako Jumamosi. Na maji usinunue kabisa. Zurich ina chemchemi za mitaani zaidi ya 1,200, na ukiacha chache zenye alama ya onyo, maji yake ni ya kunywa. Sisi ambao mtungi tunaununua kwa mwenye mkokoteni tutaona ajabu, ila ni hesabu ileile: maji yanayojitiririkia ni bure, maji yanayoletwa na mhudumu yana mshahara ndani yake.

Msomaji mbishi atasema hizi ni hadithi, Uswisi ni ghali kwa sababu faranga ina nguvu. Ni kweli ina nguvu. Lakini kama sarafu ndiyo ingekuwa sababu yote, vitu vyote vingepanda pamoja, na havipandi pamoja. Simu au kompyuta unaweza kuikuta kwa bei ya Nairobi au chini yake, kwa kuwa imetengenezwa kwingine na mashine, na kodi ya ongezeko la thamani Uswisi ni asilimia 8.1 wakati yetu ni 16. Wachumi Bela Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kivyake, waliandika juu ya jambo hili mwaka 1964: nchi inayozalisha sana viwandani hupandisha mishahara hata ya kinyozi, ingawa mkasi wake haukimbii kuliko wa Kiboko. Pingamizi lenye uzito zaidi ni nyama. Hiyo hailetwi mezani na mtu, bado bei yake inatoa machozi. Hapo nakubali: serikali yao inawalinda wafugaji kwa ushuru mkubwa wa nyama ya nje, ndiyo maana wenyeji wa Basel hupanda tramu namba 8 wakavuka hadi Weil am Rhein, Ujerumani, kununua, na forodha huwaruhusu kilo moja kwa kichwa bila ushuru. Wewe wiki mbili kula dengu. Hutakufa.

Lipo pingamizi jingine ambalo hukuliandika ila limo katikati ya mistari yako. Hutaki tu kutumia kidogo, unataka kurudi na posho ikageuke mabati. Silaumu, nyumba nyingi kati ya Emali na Makindu zinajua zilikotoka. Lakini hapo akiba kubwa haifanyiki Uswisi, inafanyika Kiboko, mbele ya simu, miezi kabla ya safari. Treni zao huuza tiketi za bei ya chini kwa safari zisizojaza abiria, na zinauzwa hadi miezi sita kabla. Kiti ambacho kingekwenda kitupu hakina mshahara wa kulipia. Kadi ya nusu nauli kwa wageni hudumu mwezi mzima. Geneva, Basel na Bern humpa anayelala hotelini au hosteli usafiri wa mjini bila malipo, mradi uulize pale mapokezi. Na kutoka uwanja wa ndege wa Zurich hadi katikati ya jiji ni treni ya dakika kama kumi, faranga zisizofika 10. Teksi ikifika huko itakuwa imekula mabati kadhaa.

*Mshauri, mtoto wa dada yangu ameolewa Zurich na amenialika miezi miwili. Malazi ni bure, chakula ni bure. Si nimeshinda mchezo? Viza na tiketi tayari. – Mama wa Vyondo*

Mama, malazi hayo si bure, yamelipiwa na mwingine. Mpwa wako akiomba ruhusa kazini siku moja akutembeze, mshahara wa siku hiyo ni karamu ya kijiji kizima. Ukimwachia kupika, kuosha na kukusindikiza, utakuwa umenunua mkono ulio ghali kuliko mikono yote ya dunia, na bili ameletewa yeye. Jifunze kupanda tramu peke yako katika juma la kwanza.

Ila una jambo ambalo Mtu wa Mahindi hana. Ile mgeni siku ya tatu mpe jembe, kule ina maana ya fedha hasa. Kumweka mtoto mchanga kwenye kituo cha kulelea watoto Zurich huzidi faranga 100 kwa siku. Kama mpwa wako ana mtoto, siku utakazomlea mjukuu huyo mama yake aende kazini, umetoa zawadi inayopita vyondo vyote utakavyobeba. Isiwe kazi ya kulipwa, mama, maana viza ya matembezi hairuhusu mshahara. Iwe ya mtu na mpwawe.

*Mshauri, nasikia vituo vya treni vya Uswisi havina mageti. Makanga pia hakuna. Sasa tiketi ya nini? – Kijana wa Mombasa Road*

Kijana, mageti hakuna kwa sababu anayeyasimamia angelipwa. Badala yake wapo wakaguzi wachache wanaotokea bila taarifa, na faini yao inazidi nauli nyingi ulizodhani umeokoa. Tangu 2019 majina ya wanaokamatwa huingia kwenye daftari moja la nchi nzima, na kila ukirudia faini hupanda. Nunua tiketi.

*Mshauri, pale hekalu la Kalasinga Makindu msafiri hula na kulala bila kulipa. Uswisi hakuna? – Mpenda Dengu*

Lipo, kwa mfano la Langenthal, katika jimbo la Bern, lililofunguliwa mwaka 2006. Desturi ni ileile ya Makindu tangu 1926: unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi sakafuni na wengine, na chakula kinapakuliwa na watu waliojitolea. Huko mkono haulipishwi, na ndiyo maana lisiwe mpango wa bajeti yako. Nenda kama unataka kusali au kusalimia, na ukimaliza kula ingia jikoni uoshe sahani. Vinginevyo piga hesabu: kutoka Zurich nauli ya kwenda na kurudi kwa bei kamili inanunua dengu za wiki.