Namna ya Kula Pesa ya Kampuni Yako Bila Kuvimbiwa

Hongera. Cheti cha BRELA kimetoka, kimewekwa fremu na kutundikwa juu ya droo ya pesa. Lile duka la simenti na mabati sasa ni kampuni, na fundi wa mabango amelipwa zaidi kwa kuongeza neno Limited. Wewe ni Mkurugenzi Mtendaji. Bukoba mjini wameshajua. Wa Muleba watajua Krismasi ukishuka nyumbani. Kimebaki kitu kimoja tu: namna ya kuzitoa pesa humo ndani.

Njia inayopendwa kuliko zote ni droo. Unaingia jioni, unavuta, unachukua, unamwambia keshia, "Andika." Naye anaandika, maana ni binti mwenye adabu. Bosi 50,000. Bosi, msiba Kamachumu, 200,000. Bosi, mchango wa harusi, 150,000. Bosi, mafundi, 400,000. Hakuandika mafundi gani, ila mtaa mzima unajua kwamba nyumba ya kibanjani imefika kwenye lenta. Mwisho wa mwaka daftari linakwenda kwa mkaguzi wa hesabu.

"Mzee, huyu Bosi ni mfanyakazi?"

"Bosi ni mimi."

"Mshahara wako ni kiasi gani?"

"Mshahara wa nini, waitu? Kampuni si yangu?"

Mwaka 1962 wasichana wa Kashasha, Muleba, walicheka hadi shule ikafungwa. Mkaguzi hacheki hivyo kwa sababu moja tu: hajalipwa bado.

Kisheria kampuni ni mtu mwingine. Ina TIN yake. Wewe una hisa tu. Msiba wa Kamachumu haukuwa msiba wake, kwa hiyo zile laki mbili haziwi gharama ya biashara: zinarudishwa kwenye faida na kutozwa asilimia 30. Kisha TRA wanaweza kuuliza zilikufikia kama nini. Zikihesabiwa kuwa gawio, kuna asilimia 10 ya zuio, na kwa kuwa hukuikata wakati wake, inakuja na adhabu na riba. Gawio lililofuata taratibu, katika kila shilingi 100 za faida, hukuachia 63. Gawio la droo hukuachia pungufu ya hapo, pamoja na usingizi wa mang'amung'amu.

Kagera tunaujua mchezo huu kwenye kahawa, tunauita butura: unauza zao lingali maua. Mkurugenzi wa droo hula Machi faida ya Desemba, na mwisho wa Machi huohuo awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio inamsubiri, kisha Juni, Septemba na Desemba.

Kwa wasiopenda burudani ipo njia ya kuchosha. Jilipe mshahara. Chukua 300,000 kwa mwezi: 30,000 yako inakwenda NSSF, inabaki 270,000, na PAYE huanza kukata kile kinachozidi hapo. Yaani hulipi hata senti. Kampuni nayo inachangia NSSF 30,000, na zote 330,000 ni gharama inayopunguza faida. Ukijipandishia, kipande kinachofuata kinakatwa asilimia 8, halafu 20, halafu 25, na 30 kwa kinachozidi milioni moja. Kwenye ngazi zile za chini bado umemshinda mwenye gawio. Mama watoto anayekesha ghalani naye alipwe vivyo hivyo, mradi akeshe kweli. Ubaya ni mmoja. Mkurugenzi Mtendaji wa laki tatu! Nani kati yetu atakubali karatasi hiyo ya mshahara ionekane?

Fremu ya duka ikiwa ni yako, kampuni ikulipe kodi ya pango; ikate asilimia 10, iipeleke TRA, basi.

Gari lina utamu wake. Bosi akitumia gari la kampuni, sheria haitazami linavyong'aa, inatazama injini na umri. Lenye zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000, lililopita miaka mitano, linaongeza kwenye mapato yako 250,000 tu kwa mwaka mzima. Jipya la zaidi ya cc 3,000 linaongeza 1,500,000. Kwa hesabu hizo kigari kikuukuu ndicho cha mtu mwerevu, ila jaribu kupanda nacho Nshamba Desemba, watu wakiwa barazani.

Na ile milioni kumi uliyoanzia, ya kahawa na kiwanja, uliiandika wapi? Ingeandikwa kuwa mkopo wa mkurugenzi kwa kampuni, leo ungekuwa unarudishiwa mtaji wako kidogokidogo bila kodi yoyote, maana kurudishiwa deni si kipato. Ilihitaji karatasi moja na sahihi mbili, zote zako. Badala yake iliingia dukani ndani ya mfuko wa rambo, bila shahidi, na mkaguzi hana safu ya kuandikia rambo.

Halafu kuna jambo ambalo aliyekusajilia kampuni hakuwa na haraka ya kukuambia. Kama mauzo yako hayazidi milioni 100 kwa mwaka, mfanyabiashara binafsi wa kiwango hicho hutozwa kodi kwa mauzo yake, viwango vyake ni vidogo, na droo ni mali yake halali asubuhi na jioni. Kampuni haipati nafuu hiyo hata iwe ndogo vipi. Unaweza kurudi huko. Itabidi tu uwaeleze wakwe.