Shefu na Upawa wa Mama Watoto

Mbwa wangu anaitwa Shefu, na mamlaka yake yote yamo katika mguu wa nyuma wa kulia. Hapa Kabondo-Dianda hakuna nguzo kando ya reli ambayo hajaitia sahihi. Amesaini magunia ya makala yanayongoja treni, amesaini kinga za wachuuzi, na Jumapili moja alisaini suruali ya baba mkwe, aliyesimama kimya mno akingoja kukaribishwa kiti.

Kwa hiyo alipoanza kuinua mguu kila baada ya hatua chache, majirani walisema cheo kimempanda kichwani. Lakini mbwa anayeweka alama hurusha kidogo, hunusa, kisha huondoka mkia juu. Shefu alikuwa anajikunja, anakaza tumbo, anangoja, halafu yanadondoka matone mawili, la mwisho jekundu. Usiku alikojoa kwenye mkeka, yeye ambaye hata mvua ya Januari haimzuii kutoka nje kwa adabu.

Waganga wakajitokeza. Shangazi alisema karogwa. Mzee mmoja alileta mizizi ambayo, kusema kweli, sokoni huuziwa wanaume wenye wake wawili. "Itamupa nguvu," alisema. Nguvu anazo, mzee, kinachokosekana ni mkojo. Jirani mwingine akatoa ibuprofeni mfukoni. Hiyo niliikataa bila mzaha, maana hutia vidonda tumboni mwa mbwa na kumharibu figo.

Munganga wa mifugo alifika na kinga yake, mtu aliyezoea mbuzi na nguruwe. Uchawi hakuuliza. "Mkojo unatoka ao hautoke?" Akapapasa tumbo: kibofu kidogo, laini. Akashusha pumzi. Kingekuwa kimejaa na kigumu kama chungwa, alisema, saa hiyo hiyo tungekuwa tunatafuta gari la kwenda Lubumbashi, ambako chuo kikuu kina kitivo cha waganga wa wanyama. Mbwa dume ana mfupa ndani ya uume, na kijiwe kikishuka kutoka kwenye kibofu hukwama nyuma yake. Mkojo ukizibwa kabisa, sumu hujaa katika damu, mnyama hutapika, hukataa bukari, na ndani ya siku chache tu anaweza kufa.

Kisha akataka mkojo ndani ya chombo safi.

Ndipo stesheni nzima iliponiona namfuata mbwa nyuma nimeshika upawa. Treni ilikuwa imechelewa, na abiria hawakuwa na sinema nyingine. Nikiusogeza upawa, Shefu anashusha mguu na kunitazama kwa huruma. Nikiuficha, anauinua. "Umuimbie kidogo, baba!" alishauri mama mwuza mikate. Mwishowe matone yakaangukia ndani, watu wakapiga makofi, na mke wangu, aliyekuwa anautafuta upawa wake tangu asubuhi, akatokea.

Ulikuwa uambukizo wa kibofu, na dawa ikamponya. Lakini usikisie kwa macho: mkojo wa rangi ya kahawa waweza kuletwa na ugonjwa wa kupe, na mbwa anayekunywa maji kupita kawaida huenda ana kisukari au figo mbovu. Ukigusa mkojo wake nawa kwa sabuni, kwani leptospira huambukiza watu pia. Na dume lako likijikunja bila kutoa hata tone, usingoje kuche, mpigie munganga simu usiku huo huo. Upawa utanunua mwingine.