Wazee wa Modogashe na Maksi Zangu

Simu yangu imekufa spika ya sikioni, kwa hiyo kila anayenipigia huhutubia umma. Ndivyo wazee wa Modogashe, mji wa kaskazini mwa Kenya, walivyopata habari, sekunde ileile niliyoipata mimi, kwamba daraja la kwanza limenikimbia.

Nilikuwa nimeketi nao chini ya mgunga, dodoso mapajani, nikiwahoji kuhusu amani. Kiranja wa darasa akapiga kutoka Nairobi: "Orodha ya wahitimu imebandikwa, jina lako halimo. Huna maksi za Utatuzi wa Migogoro."

Mzee mwenye ndevu za hina akatua kikombe chake cha shaah. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Zimeibwa au zimepotea?"

"Zimepotea, adeer."

"Hakuna kitu kinachopotea chenyewe, abaayo. Nani alikuwa anazichunga?"

Ikabidi nimweleze. Digrii ya Uhusiano wa Kimataifa, kama nyingi za Kenya, hupimwa kwa wastani: ukifika 70 una daraja la kwanza, kuanzia 60 la pili juu, kuanzia 50 la pili chini, kuanzia 40 umepita tu, usijisifu. Uzuri wake ni kwamba miaka yote minne inayeyushwa ikawa namba moja, na ubaya wake ni huohuo. Ukipata sifuri, sifuri nayo ni namba; utalia, utarudia mtihani, lakini utajua ulipo. Maksi iliyopotea si sifuri. Ni pengo, na pengo haligawanyiki. Wastani unakataa kupigwa, jina linatoka kwenye orodha, na aliyesoma mpaka macho yakavimba anajikuta nyuma ya aliyesinzia toka mwaka wa kwanza.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akausawazisha mchanga kwa kiganja, akachora kwa fimbo: hapa ukumbi wa mtihani, hapa mwalimu, hapa ofisi.

"Ulitia sahihi?"

"Nilitia."

"Nani aliona?"

"Msimamizi wa mtihani."

"Karatasi ikaenda wapi?"

"Kwa mwalimu, kisha ofisini."

"Ikatoka?"

Nikanyamaza. Fimbo ikagonga duara la ofisi. Kwa wafugaji, mnyama akiibwa hufuatwa nyayo, na zikiingia kijiji fulani zisionekane zilikotokea, wazee wa kijiji hicho ndio huulizwa. Nyayo zimeingia ofisini, akasema, hazijatoka. Ofisi italipa. Kesi ilikwisha kabla chai haijapoa, nami idara ningeiandikia barua hadi kalamu ikaisha wino.

Hapo ndipo mzee mwingine alipouliza ilipwe kiasi gani, na mwenzake akajibu, "Za binti ni nusu." Wakacheka kweli. Nami nikacheka, kwa kuchelewa kidogo, maana jambo hilo nimeliandikia sura nzima ya tasnifu yangu. Azimio la Modogashe la 2001, lililozileta pamoja jamii za wafugaji wa kaskazini kukubaliana juu ya malisho, maji, silaha na mifugo ya wizi, lilipanga pia fidia ya damu: mifugo 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Watetezi husema liliwatuliza watu pale ambapo serikali ilikuwa mbali. Wanasheria husema mauaji ni jinai na hayamalizwi kwa ngamia. Wote wana hoja. Mimi nilikaa pale nikijipigia hesabu, nikaona kwamba mjini sifiki hata nusu.

Msimamizi wangu wa tasnifu naye hajawahi kuipenda mada. Eti Modogashe si ya kimataifa. Niongeze mkataba wa amani wa Westphalia, 1648. Niliongeza. Mji wenyewe unagombaniwa na kaunti za Garissa na Isiolo, mpaka wenyewe unabishaniwa hadi leo, lakini mpaka unaostahili kusomwa kwa heshima lazima uwe wa Ulaya.

Mpaka huo ulinisumbua hata mimi: afisa mmoja alinituma kaunti ya jirani nikachukue kibali cha utafiti; jirani akanirudisha. Basi la kurudi Nairobi lilikwama mchangani usiku kucha. Mbuzi alikula ukurasa wa mwisho wa dodoso, ule wa sahihi.

Idarani mratibu wa mitihani alinipokea vizuri sana, hata kiti alinipa. Akasema nilete ushahidi kwamba nilifanya mtihani. Nikamwambia ushahidi ni daftari la sahihi. Akakubali. Daftari liko wapi? Kwenye kabati, nyuma yake. Ufunguo? Alikuwa nao aliyehamishwa.

Basi nirudie somo mwakani, kwa ada. Na karatasi ya kurudia, hata uijibu kama malaika, huandikwa 40, kwa kuwa anayerudia amehesabiwa kuwa alianguka. Nikamuuliza nilianguka lini. Akanigeuzia kompyuta nijionee mwenyewe: kuna kisanduku cha kupita, kuna cha kuanguka, na cha ofisi kupoteza hakijatengenezwa.