Daraja la Mdomoni: Mwongozo kwa Asiyependa Maswali

Ili ujengewe daraja la meno ni lazima kwanza uwe na pengo, na katika hili wengi wetu hatuhitaji kufundishwa. Jino likiuma, meza vidonge viwili. Likirudia, bana karafuu. Karafuu ikishindwa, nenda ukaling'oe, maana kung'oa ni bei rahisi kuliko kutibu mzizi, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo ukiwa umeng'ata pamba. Langu lilipasuka kwa kijiwe ndani ya pilau la harusi. Lilikuwa gego la kwanza la chini, upande wa kushoto, lile linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi na ambalo wazazi hulipuuza wakidhani nalo ni la utoto, litadondoka. Mpishi aliapa kwamba mchele ulichaguliwa mara mbili.

Baada ya kung'oa, subiri. Daktari atakwambia fizi na mfupa vinahitaji kama miezi 2 au 3 kutulia kabla ya kupima daraja. Wewe ongeza. Mimi nilisubiri miaka 4, kwa hoja kwamba pengo la nyuma halionekani nikicheka na nina upande mwingine wa kutafunia. Meno hayasikilizi hoja. Jino lililo nyuma ya pengo huanza kuinama kuelekea palipo wazi, taratibu, kama abiria anayesinzia kwenye daladala. Na la juu, lililozoea kusagana na lile lililoondoka, hushuka kidogo kidogo likimtafuta mwenzake. Hakuna maumivu, hakuna kinachoonekana. Ni wakati mzuri kabisa wa kutofanya lolote.

Ukichoka kutafuna upande mmoja, utatajiwa njia tatu, na sisi wa Kigamboni, tuliozoea kuvuka maji, tunazielewa haraka. Kuna pantoni: meno ya kuvua na kuvaa, plastiki ya rangi ya fizi yenye jino juu yake, inayolala kwenye bilauri ya maji usiku. Usiyaonee haya. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Mengine yalikuwa ya kuvaa, yaliyotengenezwa kwa meno ya kiboko na ya watu, wala si mbao kama wengi wanavyosimulia. Kuna daraja lenyewe. Na kuna nguzo mpya, yaani skrubu ya titani inayozamishwa kwenye mfupa wa taya. Hiyo ni kazi ya Msweden Per-Ingvar Brånemark, ambaye mwaka 1952 alipandikiza vifaa vya titani katika mifupa ya sungura, akaja kuvitoa akakuta vimeshikana na mfupa, havitoki. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza. Nilipotajiwa bei ya nguzo hiyo niliwapongeza sungura, nikaomba daraja.

Bei ya daraja huhesabiwa kwa jino, na hapo ndipo asiye makini hupigwa butwaa: umepoteza jino moja, unalipia matatu. Jino la bandia la katikati halina mzizi, linaning'inia tu juu ya ufizi. Wanaolibeba ni majirani wawili, wa mbele na wa nyuma, na kila mmoja huvikwa kofia. Kofia mbili na jino la katikati ni kipande kimoja. Kwenye Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, anayepita ndiye anayelipa. Mdomoni anayelipa ni jirani. Kwa hiyo kuna swali moja tu la maana la kumwuliza daktari kabla hajashika kifaa: hao majirani wana hali gani, na watafanywa nini? Usiliulize. Uliza kama kuna punguzo.

Mimi niliuliza punguzo, nikapewa, nikakaa kwenye kiti.

Ili kofia ipate nafasi, jirani huchongwa juu na pande zote, milimita 1 hadi 2. Kichongeo ni kijiti kidogo chenye chembe za almasi, kinachozungushwa kwa upepo zaidi ya mara 300,000 kwa dakika huku maji yakipulizwa ili jino lisiungue. Lile gamba la nje, enameli, ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, na likishaondoka halioti tena. Majirani zangu wote wawili walikuwa wazima. Hawakuwahi kuzibwa hata mara moja. Ilipokwisha niliomba kioo. Niliona vigingi viwili vya manjano, vidogo, kama vya kufungia mbuzi. Nilikaa nikivitazama mpaka muuguzi akanipokonya kioo kwa upole.

Majirani hao wangekuwa na viraka vikubwa, kuwavika kofia kungekuwa kuwasaidia. Na lingekuwa jino la mbele, lipo daraja jepesi lenye mbawa zinazogundishwa nyuma ya jirani bila kumchonga sana, lililopewa jina la Chuo Kikuu cha Maryland huko Marekani. Yote haya niliyajua baadaye. Mwongozo huu unahimiza sana kujua mambo baadaye.

Kisha unachukuliwa kipimo. Meno ya taya ya pili hupimwa kwa uji mzito wa alijineti, unaotokana na mwani wa kahawia. (Si ule wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani huko Zanzibar, wao hulima mwekundu, ambao hutoa karajenani, na hiyo utaikuta kwenye dawa nyingi za meno.) Uji unaganda mdomoni dakika chache, nawe unapumua kwa pua na kujutia chai uliyokunywa.

Rangi ndiyo starehe pekee. Utaletewa kijiti chenye vijino 16, kuanzia weupe wa karatasi hadi kijivu cha ukuta wa zamani. Chagua cheupe kuliko vyote, chini ya taa ya bluu, jioni, bila kukilinganisha na meno yako. Rafiki yangu aliyekulia chini ya Mlima Meru alifanya hivyo. Maji ya kule yana floraidi nyingi, mahali pengi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kuwa ukomo, na meno ya wenyeji huwa na mabaka ya kahawia. Sasa ana jino moja jeupe pepepe katikati ya wenzake, na picha zote za familia humwangalia mtazamaji kwa jino hilo. Fundi angeweza kulichora mabaka. Hakuambiwa.

Siku ya kubandika, daktari atakupa karatasi nyembamba ya rangi uing'ate, kisha aulize, "Unaliona liko juu?" Ganzi bado ipo, shavu lote ni la mtu mwingine, na nje kuna foleni. Jibu: "Liko sawa kabisa." Hivyo ndivyo nilivyojibu. Saruji ikaminywa, nikarudi nyumbani.

Kuhusu usafi, mswaki haufiki chini ya jino linaloning'inia. Panahitajika uzi wenye ncha ngumu, upenyezwe kati ya daraja na ufizi kila usiku, kwa sababu chakula hujificha pale na ugaga huanza kumla jirani pale kofia inapoishia. Aliyekwisha kutibiwa mzizi hataumwa hata akiwa ameoza nusu. Dalili ya kwanza huwa harufu, na wa kwanza kuinusa huwa mkeo. Nilinunua uzi. Upo bado, haujafunguliwa, kwenye droo ya betri.

Daraja lililotunzwa hufikisha miaka 10 hadi 15. Langu lilifikisha miezi 14. Lilitoka na kipande cha muwa, zima, na nikalitafuna mara moja kabla ya kuelewa. Hapa watu hutafuta gundi ya viatu. Usifanye hivyo, na hili nalisema bila mzaha. Lifunge kwenye kitambaa safi ulipeleke. Ukilimeza, kwa kawaida hupita lenyewe, lakini likikufanya ukohoe au ubanwe kifua, usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Sikurudi kwa yule wa kwanza. Nilikwenda kwa binti mmoja, umri wa mwanangu, aliyeanza kwa shikamoo na kuendelea kwa kunyamaza. Alinitia kioo mdomoni, akakigeuza juu, akakaa nacho.

"Baba, hili la juu limeshuka."

"Limeshuka kwenda wapi?"

"Lilikuwa linamtafuta mwenzake. Kila ukifunga mdomo lilikuwa linaligonga daraja kabla meno mengine hayajakutana. Hakuna saruji ya kuvumilia hayo." Kisha akauliza, "Hukulisikia siku ile ya kwanza?"

Nilimwambia nilikuwa na ganzi. Hakucheka, jambo lililoniumiza zaidi. Alilipunguza la juu kidogo, akapima daraja jipya, akaniweka bila ganzi siku ya kubandika, akanifanya ning'ate ile karatasi mara 9 nikiwa nimekaa wima, kama mtu anayekula, si nimelala. Kisha akanitolea uzi, akaniweka mbele ya kioo, nikaupenyeza mwenyewe mbele yake, mara mbili, mate yakinitoka.

Hili la pili lina miezi 7. Ulimi ndio haujaamini. Usiku taa zikizimwa unakwenda kule kushoto kulikokuwa na pengo, unafika, unasimama, unangoja, kama dereva aliyezoea foleni ya pantoni.