Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya ya Kenya Kuhusu Ahueni Yake

Kwa Waziri wa Afya, Afya House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Imebainika kwamba Wizara ya Afya imeupokea, angalau katika hati zake, mkabala wa ahueni, yaani ule mtazamo wa huduma za afya ya akili unaoshikilia kwamba kazi ya tiba haiishii katika kutuliza dalili, bali humwezesha mtu kuishi maisha anayoyaona kuwa ya maana, akiwa na kazi, jamaa na kauli juu ya mambo yake, hata kama ugonjwa wenyewe haujamtoka. Mkabala huo, ambao ulipata nguvu Marekani katika miaka ya 1980 miongoni mwa watu waliowahi kulazwa na kuchoshwa na kulazwa, na ambao New Zealand iliufanya msingi wa huduma zake za umma mwaka 1998, unawataka wahudumu waache kumhesabia mgonjwa kasoro, watambue nguvu alizo nazo, wamsikilize kabla ya kumwamulia, na wamwachie ajiwekee malengo kwa mwendo anaoumudu. Kwa kuwa masharti haya ni ya utu, wananchi wameona si vyema yabaki wodini peke yake, na hivyo barua hii inaichukulia Wizara yenyewe kuwa mteja wa mkabala huo, na itaipima kwa upole ule ule.

Historia ya mteja ni ndefu. Hospitali yake kuu ya magonjwa ya akili, Mathari, ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1910 mahali palipokuwa pakitumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui, na tabia za utotoni haziachwi upesi: zaidi ya karne moja baadaye, kutenga kungali ndilo jambo ambalo mfumo huu unalimudu kuliko mengine yote. Mwezi Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari kwa mpigo, tukio lililochukuliwa kuwa dosari ya ulinzi, ingawa mpimaji mwenye moyo wa ahueni angeweza kulihesabu kuwa zoezi la mapema la kuwarejesha wagonjwa katika jamii, ambalo lilipungukiwa na warsha ya uzinduzi tu.

Watafiti wa Uingereza waliochambua tafiti na maandishi kuhusu ahueni walizitaja, mwaka 2011, nguzo tano zinazoibeba: mahusiano na watu wengine, matumaini, utambulisho usiomezwa na ugonjwa, maana ya maisha, na uwezo wa kujiamulia. Katika matumaini, Wizara haina mpinzani. Inayo sera ya afya ya akili ya mwaka 2015 hadi 2030; ilipokea mwaka 2020 ripoti ya jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, iliyopendekeza kwamba matatizo ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa na kwamba iundwe tume ya afya ya akili na furaha. Na tangu Juni 2022, Rais Uhuru Kenyatta alipotia saini sheria ya marekebisho, inayo pia sheria inayompa mgonjwa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Mteja anayeweza kutumaini kiasi hicho kwa fedha alizo nazo anastahili sifa, kwani kiwango ambacho ripoti za umma zimekuwa zikikitaja kwa miaka mingi ni asilimia 0.01 ya matumizi ya serikali katika afya, maana yake shilingi moja katika kila shilingi 10,000. Mwaka 2021 ilichapishwa tathmini iliyokadiria kwamba magonjwa ya akili yaliigharimu Kenya shilingi bilioni 62.2 katika mwaka 2020 pekee, na mteja, kwa ukakamavu wa kupigiwa mfano, hakuruhusu habari hiyo imkatishe tamaa wala imbadilishie bajeti.

Uwezo wa kujiamulia nao umeimarika. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitalini ana uhuru kamili wa kuchagua atakosa wapi dawa, katika zahanati ya kaunti yake au safarini kuja Nairobi, huku ngazi mbili za serikali zikiheshimiana kiasi kwamba kila moja huiachia nyingine wajibu. Kuhusu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa kushtakiwa badala ya mgonjwa wa kuhudumiwa, serikali haikutaka kuharakishwa, na ilibidi Mahakama Kuu iseme, Januari 2025, kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Penye mahusiano ndipo upole wa mpimaji unapopata kazi. Mwezi Juni 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu huduma za afya ya akili zinazoheshimu haki za binadamu, na miongoni mwa mifano bora liliyoikusanya kutoka pande zote za dunia ulikuwamo wa Nairobi: vikundi vya kusaidiana vya chama kinachojulikana kwa kifupi kama USPK, ambamo watu waliopitia ugonjwa wa akili hukutana wao kwa wao, hufafanuliana haki zao, na hushikana mkono kutafuta riziki na misaada inayowastahili kisheria. Vikundi hivyo havihitaji jengo jipya wala mashine ya kuagizwa ng'ambo. Ingetarajiwa kwamba Wizara, ambayo haikosi nauli ya kuwapeleka wadau ng'ambo kujifunza, ingefurahi kuupata mfano wa kimataifa mahali panapofikika kwa matatu, ikawaajiri watu hao katika wodi na zahanati kwa mshahara na cheo kinachotambulika. Lakini labda ndiyo ila ya mfano huo, kwamba hauna posho ya safari.

Wakati huohuo wamo wodini watu ambao daktari amekwisha kuwaruhusu na ambao hawaondoki, kwa sababu jamaa hawaji kuwachukua, shamba limekwisha kugawanywa, au simu iliyoandikwa katika faili haipatikani tena. Hao hawahitaji kidonge kingine. Wanahitaji chumba cha kupanga, kazi, na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara, mambo ambayo mkabala wa ahueni unayahesabu kuwa ndiyo tiba yenyewe, na ambayo bado yanatafutiwa kasma ya bajeti.

Kwa kuwa mteja hapaswi kuwekewa malengo na watu wengine, Wizara inaombwa ijaze yenyewe mpango wake wa ahueni, ikitaja ni kiasi gani cha fedha kitatengwa katika mwaka ujao wa fedha, ni watu wangapi waliopitia ugonjwa watakaoajiriwa na katika kaunti zipi, na ni lini wale walioruhusiwa Mathari watapata pa kwenda. Msaidizi wa kuishika kalamu anaruhusiwa na sheria.

Wananchi.

Nakala: Hazina ya Kitaifa, serikali za kaunti zote 47, ili zishauriane na Wizara kuhusu nani hasa ameandikiwa.