Shemeji Anataka Kichina

Wako watu ambao hawawezi kuingia mji wa watu bila kuuliza wanakula wapi. Shemeji yangu ni mmoja wao. Ni Mzaramo wa Kisarawe aliyehamia Mbezi Beach, na tangu ahamie huko leo anakula Kithai, kesho Kihindi, na mshahara ukitoka, Kiitaliano. Alipokuja Tabora kumwona mama mkwe wake, begi halijashuka kwenye bajaji ameshauliza: "Shemeji, hapa Kichina kizuri kiko wapi?"

Nikamwambia Tabora kuna asali ya miombo, kuna maembe, kuna shule aliyosoma Nyerere.

"Nimeuliza chakula," akasema.

Mtu mwingine ningemjibu. Lakini Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi, na utani wenyewe ni wa njiani: babu zetu walipoteremka pwani na pembe za ndovu mabegani, kwao ndiko walikopita kabla ya kufika baharini. Mtani akidharau chakula cha kwenu humgombezi. Unamtafutia mgahawa, halafu unasubiri kuona atakachofanywa huko.

Ipo hoteli moja mjini ambayo siitaji jina, maana bado nataka kupita mbele yake nikienda sokoni. Bango lake limechorwa bendera za mataifa, baadhi ya mataifa nadhani mchoraji aliyabuni mwenyewe. Menyu ni nene na ina jalada la ngozi bandia. Shemeji aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma kurasa zote, akafurahi. Dada mhudumu alisimama pembeni akimwangalia kwa huruma.

"Nipe kuku wa Kichina, huyu wa korosho."

"Hakuna, kaka."

"Samaki wa Kithai?"

"Huyo alikuwa wa sikukuu."

"Piza basi."

"Jiko lake liko kwa fundi."

"Dada yangu, sasa kuna nini?"

"Kuna wali, ugali na chipsi. Kuku, nyama, samaki." Akaichukua menyu taratibu kutoka mikononi mwake, akaenda kuitunza mahali pake.

Shemeji si mtu wa kushindwa haraka. Alimwita tena akauliza kama kuna tambi. Uso wa yule dada ukachangamka: tambi zipo. "Safi. Lete tambi na kuku, weka na sosi ya soya. Usisahau vijiti."

Vijiti ndivyo vilivyotangulia, kopo zima la vile vya kuchokolea meno. Shemeji alilitazama kopo, kisha akanitazama mimi kana kwamba hoteli ni yangu.

Tambi hazikuwa na haraka. Ili muda usogee nikaanza kumsimulia habari za mmisionari Livingstone, aliyeachwa na mwandishi wa habari Stanley pale Kwihara, nje kidogo ya mji, Machi 1872, akabaki kwenye tembe akisubiri alichoagiziwa kutoka pwani mpaka mwishoni mwa Agosti.

"Aliagiziwa nini?"

"Wapagazi."

"Walikuja?"

"Walikuja."

"Basi na sisi tusikate tamaa."

Tambi zilipofika, harufu ya iliki ilizitangulia mlangoni. Nilijua mara moja. Jikoni mle alikuwamo mama wa makamo ambaye tambi anazozijua ni za futari: zinakaangwa kidogo, zinaungwa kwa tui na sukari, zinatiwa iliki na zabibu kavu. Mama alizipika kwa ustadi wote. Juu yake akalaza paja la kuku wa kukaanga, na juu ya kuku akamimina soya nyeusi, kwa kuwa mteja ndivyo alivyotaka na mteja hapingwi. Shemeji alionja, akafumba macho, akanyamaza kwa muda. Kisha akamwita dada, akaomba sahani nyingine bila kuku.

Kesho yake nikampeleka Kwihara. Tulikwenda kwa bajaji, chombo cha Wahindi kwenye vumbi la huku Unyanyembe, na ilipopata pancha tukakaa chini ya mwembe, mti ambao nao umetoka kwa Wahindi. Miembe ya huku imefuata njia ya misafara kutoka pwani mpaka Ujiji. Watu walipanda kokwa, wakala embe, wakatupa kokwa, na njia ikajioteshea kivuli.

Tembe la Livingstone limejengwa upya na sasa ni makumbusho. Pale ndipo nilipotaka kumfunga mdomo mtani wangu. Nikamweleza kwamba Stanley alipotua hapa Juni 1871, kabla hajampata Livingstone, Waarabu wa Tabora walimletea masinia ya wali, kuku wa mchuzi wa bizari, mikate ya ngano, vitumbua vya moto, mapapai, makomamanga na ndimu. Wakafuatisha ng'ombe watano wenye nundu, kondoo, mbuzi, kuku wazima na mayai. Stanley aliyaandika yote hayo mwenyewe. Nikarudi nyuma zaidi, Novemba 1857, wapelelezi Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora hii hii, na kupokewa na Snay bin Amir, Mwomani ambaye kwa maelezo ya Burton alianza maisha akiwa mtengeneza vitamutamu kule Maskati. Miaka hiyo alifanya biashara hapa pia Mhindi aliyejulikana kama Musa Mzuri. Maskati na India zote zilikuwa zimeshaingia jikoni hapa kabla reli haijafika mwaka 1912, na hakuna aliyechora bendera ukutani.

Sikumficha na upande wa pili. Fundi wa vitamutamu hakutajirika kwa vitamutamu. Alitajirika kwa pembe na kwa watu waliouzwa, na waliobeba hayo makomamanga hawakukaribishwa kwenye sinia. Mpagazi alipewa posho ya kitambaa na shanga akajinunulie nafaka njiani.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Kwa hiyo umenileta huku kwenye jua kunionyesha mahali ambapo watu wengine walikula?"

Tulirudi kwa njaa mpaka kwa mama ntilie mmoja karibu na stendi. Shemeji akauliza ana nini. "Vya kienyeji tu, baba. Chapati, maharage, sambusa, wali, chai." Hapo nilipanda jukwaani. Chapati ni ya Wahindi. Sambusa imetoka Uajemi, ikapita India na Uarabuni kabla ya kutufikia. Mpunga ulilimwa Unyanyembe na watu waliokuja na misafara. Maharage na pilipili vilivuka bahari kutoka Amerika, na mahindi na mihogo vivyo hivyo. Hata majani ya chai ni mgeni. "Hapa ndipo penye menyu ya kimataifa," nikasema, "na kila kilichotajwa kipo!"

Mama ntilie akaniuliza kama nimelipa ile chai ya juzi.

Jioni nyumbani mama mkwe alimwekea mgeni bakuli la michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vibichi na kuanikwa mpaka vikauke kabisa. Vinaweza kupikwa kwa karanga vikalainika, au vikatafunwa hivyo hivyo na chai ya maziwa na mtu mwenye subira. Shemeji hakusubiri. Tulisikia "kwa!" na sote tukadhani ni mchembe uliovunjika. Lilikuwa jino, lile la kubandika, alilolilipia Mikocheni kwa pesa ambayo hakutaka kuitaja mbele ya mama mkwe. Tukalitafuta mkekani kwa tochi ya simu. Likapatikana. Nami, kwa kumliwaza, nikasema asiulaumu Unyamwezi, kwa sababu viazi vitamu navyo asili yake ni Amerika.

Mama aliweka kikombe chini. "Viazi vya wapi? Hivi nimevilima mimi, kwa mgongo huu. Huyo Mmarekani kama ni vyake, msimu huu aje ashike jembe."

Shemeji alirudi Dar na lita kadhaa za asali, pengo, na nusu gunia la michembe ambayo mama alikataa kabisa isipunguzwe. Juzi akanipigia simu. Alikuwa na wageni wa ofisini, watu wa kula huko Masaki, na nyumbani hakukuwa na kitu. Akailoweka michembe, akaichemsha kwa tui la nazi na pilipili kidogo, akaipanga kwenye sahani nyeupe na jani la mnanaa juu. Wageni walifuta sahani. Walipouliza ni chakula cha nchi gani, akawaambia Thailand, ya kaskazini.

"Sasa mtani," akasema, "wanataka kuja tena Jumamosi. Mwambie mama atume gunia zima. Na umwombe asije kunitembelea siku hiyo."